Kura Bila Pilau

Mara ya kwanza nilimwona akiomba kura nje ya kituo cha treni upande wa Wembley, siku ya mechi kubwa uwanjani. Hakuna siku mbaya ya kuomba kura kama hiyo. Watu walikuwa wanamiminika kutoka kwenye ngazi wakiimba, wamejifunga skafu za timu zao, na hawakutaka karatasi ya mtu. Yeye alisimama pembeni na bunda la vipeperushi, mwanamke mfupi wa makamo, koti la mvua juu ya yunifomu ya uuguzi. Kwa muda wote niliomtazama hakuna aliyepokea karatasi yake. Lakini walimwuliza kitu, na karibu wote waliuliza kitu kimoja: choo kiko wapi?

Naye alimjibu kila mmoja kwa upole, huku akinyoosha mkono: foleni ya hapa ni ndefu, nenda mpaka kwenye maduka, shuka chini, pinda kushoto. Kisha akaongeza, kama anayekumbuka jambo dogo, "Na hilo ndilo ninalogombea."

Nilidhani ni utani wa kupitishia siku. Haukuwa utani.

Nilikuwa mwandishi wa habari Dar es Salaam kabla ya kuja huku na kuwa mkalimani wa hospitalini, kwa hiyo nimesimama mbele ya wagombea wengi. Wengi wao hutazama juu ya bega lako wakitafuta kama kuna mkubwa zaidi nyuma yako. Huyu alimtazama aliyekuwa mbele yake mpaka akamaliza naye. Nilipomsalimu kwa Kiswahili alicheka kwa furaha, akanikatia nusu ya bunda lake, akasema, "Basi wewe simama upande ule wa ngazi, dada. Wewe mrefu, utaonekana." Ndivyo nilivyoingia kwenye kampeni.

Alikuwa Mtaita wa Kenya, muuguzi wa jamii, kazi yake kuzunguka nyumba hadi nyumba kufunga vidonda na kuchoma sindano za kisukari. Waswahili wote wa upande wetu wa London walimwita Sista, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa anagombea kiti cha jiji zima katika baraza la London, kwa tiketi ya chama kidogo ambacho siku njema hushika nafasi ya tatu, na siku nyingi hata hiyo hakiipati. Kwa viti hivyo mpiga kura huchagua chama. Chama kikifikisha asilimia tano ya kura za mji mzima, mtu wa kwanza kwenye orodha yake anaingia barazani. Yeye ndiye aliyewekwa wa kwanza. Wanachama wenzake walimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee kati yao ambaye angeweza kusema anachotaka kwa pumzi moja: choo katika kila kituo kikubwa cha treni na cha mabasi, kiwe wazi kuanzia mfanyakazi wa kwanza wa alfajiri mpaka wa mwisho wa usiku.

Watu wetu walimcheka. Katika arusi moja pale Wembley nilimsikia mzee mmoja akimwambia mbele ya meza nzima, "Wenzako wanagombea nyumba, nauli, polisi. Wewe wagombea choo?"

"Nyumbani utaingia jioni, mzee," alimjibu. "Mchana kutwa uko wapi?"

Wakamwita Mama Choo. Hakukasirika. Alisema jina hilo halisahauliki, na wenye majina mazuri wanatumia fedha nyingi kulitafuta la namna hiyo.

Kilichomsumbua kilikuwa kingine, na alinieleza tukiwa ndani ya basi, tumeloa, tukirudi kutoka Hounslow ambako tulikuwa tumebisha milango jioni nzima. Ofisi ya chama ilikuwa imekataa kuchapisha vipeperushi vya Kiswahili. Walimwambia, kwa heshima, kwamba watu wake hawapigi kura, na fedha za chama ni chache. Alibishana nao mpaka wakampa nafasi moja. Afanye mkutano mmoja, Jumamosi moja, kwa Kiswahili. Ukumbi ukijaa, vipeperushi vitachapishwa. Ukiwa mtupu, wasimsikie tena akilitaja jambo hilo.

"Kiti chenyewe sitakipata, na wewe unajua," alisema. "Lakini tangu nije nchi hii mlango wangu umebishwa na wauza umeme na wahubiri. Hakuna hata siku moja mtu alikuja kuniomba kura. Hata mjinga anayetaka kunidanganya hakuja! Nataka waanze kuja kwa hawa watu wetu. Waje kwa sababu wanaogopa kura zao. Sasa ukumbi ukibaki mtupu, mimi ndiye nitakuwa nimewathibitishia kwamba hakuna haja."

Nilimwelewa. Wakenya na Watanzania wengi hapa hawajui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kukaa wanaweza kupiga kura hata kabla ya kupata uraia. Nimewaambia wengi, na wengi wamenitazama kama ninayewategea mtego.

Kazi ya kuujaza ukumbi aliichukua Mwenyekiti. Huyu ni mzee wa Mombasa anayepakia mizigo kwenye ndege kule Heathrow, na kwa miaka mingi amekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Akifa mtu, yeye ndiye huanzisha mchango wa kusafirisha mwili. Mtu akioa, yeye ndiye hujua ukumbi gani unaruhusu ngoma mpaka saa ngapi. Alimpenda Sista kama mwanawe, maana ndiye aliyemwuguzia mkewe mguu mpaka ukapona. Alimwambia, "We lala. Ukumbi niachie mimi."

Naye kweli aliujaza. Jumamosi ile nilipofika, saa nzima kabla ya mkutano, watu walikuwa wamekaa, wamesimama ukutani, wengine wamekaa kwenye vizingiti vya madirisha na watoto mapajani. Nilikuwa sijawahi kuwaona wengi hivyo mahali pasipo na maiti wala bibi arusi. Mwanamke aliyetumwa na ofisi ya chama kuja kutazama alikuwa amekaa nyuma, Mwingereza mwenye miwani, akipiga picha kwa simu yake na kutabasamu.

Kisha nikasikia harufu.

Ukumbi ule una jiko dogo nyuma ya jukwaa. Nilipofungua mlango nilikuta masufuria yale ya arusi yamepangwa sakafuni, kila moja limeviringishwa blanketi ili lisipoe, jinsi tunavyoyasafirisha kwenye buti za magari. Kachumbari ilijaa mabeseni. Akina mama walikuwa wanapanga sahani. Mwenyekiti alisimama katikati, amevaa kofia yake ya Ijumaa, uso unang'aa kwa fahari. Na mbele yake alisimama wakala wa uchaguzi wa Sista, amenyoosha simu kama mtu anayeonyesha mwiba.

Wakala huyo alikuwa Mhindi wa Stanmore, mhasibu mstaafu, mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili chake alikipata utotoni dukani kwa baba yake na hakuona sababu ya kukibadilisha. Kisheria, yeye ndiye aliyewajibika kuangalia kila kitu cha kampeni. Kwenye simu yake kulikuwa na tangazo la mkutano ambalo Mwenyekiti alikuwa amelisambaza kwenye makundi yote ya simu bila kumwonyesha mtu. Lilikuwa na picha ya Sista, bendera, maua, na chini yake kwa herufi kubwa: Njooni nyote! Pilau la mbuzi na soda kwa hisani ya mgombea wetu. Mpeni kura!

"Mzee," wakala alikuwa anasema, "pilau ni yako, mimi najua. Lakini tangazo imesema ni ya mgombea. Hapa kulisha watu ndiyo wakupe kura ni maneno ya polisi."

"Polisi wa pilau?" Mwenyekiti alisema. "Bwana wee, Mombasa hata kikao cha kupanga kikao kina sambusa. Niwaite watu mchana wa Jumamosi, waje na njaa, niwape maneno matupu?"

"Chai na biskuti, sawa. Pilau ya mbuzi na jina ya mgombea juu, hapana."

"Kwa hivyo mpaka wa sheria ni mbuzi?"

Wakala alifikiri kidogo, kwa sababu ni mtu mkweli. "Leo, ndiyo," alisema.

Akina mama waliangua kicheko, lakini kikakatika, maana Sista alikuwa ameingia. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, begi bado liko begani. Wakala alimpa simu. Alisoma tangazo, akatazama masufuria, akamtazama Mwenyekiti.

"Sikiza, Sista," Mwenyekiti alisema. "Watu wamejaa mpaka madirishani. Wataka nini tena?"

"Wamejaa kwa nini, mzee?"

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya mbuzi," alisema mmoja wa akina mama, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

Mwenyekiti alijaribu njia nyingine. Atatangaza kwamba pilau ni lake mwenyewe, na ni kweli ni lake, alikuwa amenunua kila kitu. Wakala akatikisa kichwa: watu wamekuja kwa jina la mgombea. Sista akamwuliza wakala itakuwaje akiwaruhusu tu watu kula. Wakala alisema pengine haitakuwa kitu. Pengine hakuna atakayesema. Lakini tangazo lilikuwa limemfikia yeye mpaka Stanmore, kwa shemeji ya mpwa wake, na kilichofika Stanmore kimefika kwa vyama vingine pia.

Sista aliweka mkono juu ya blanketi la sufuria lililokuwa karibu naye. Nilikuwa namtazama usoni, na nilijua anawaza nini, kwa sababu mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kidogo na sote tulimwona yule mwanamke wa ofisi ya chama akipiga picha nyingine. Ukumbi aliouomba ulikuwa umejaa. Alichohitaji ni kunyamaza tu.

"Mama yangu alikuwa akiuza mboga sokoni," alisema, na hakuwa akimwambia mtu hasa. "Kila uchaguzi wagombea walikuja na leso na unga. Kila uchaguzi alipokea, mimi nikamsaidia kubeba. Na soko lile mpaka leo halina choo. Akina mama wanaenda kwenye mahindi ya watu." Akaondoa mkono kwenye blanketi. "Hakuna atakayekula hapa leo. Mzee, utanikasirikia, na una haki."

Mwenyekiti alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Nitawaambia nini watu?"

"Wewe hutawaambia kitu. Nitawaambia mimi."

Nimewahi kuona mawaziri wakitangaza habari mbaya. Kwa kawaida huanza mbali, na habari yenyewe huja wasikilizaji wakiwa wamechoka. Sista alipanda jukwaani, akashika maikrofoni, akasema, "Jamani, hamjambo? Mnasikia harufu?"

"Tunaisikia!" ukumbi wote uliitikia, kwa vicheko.

"Hamtaila."

Walicheka tena, wakidhani ni mzaha. Akangoja wamalize. Kisha akawaeleza, kwa maneno machache, kwamba sheria ya hapa inamkataza mgombea kuwalisha watu ili wamchague. Alisema tangazo limetoka kwenye kampeni yake na kosa ni lake. Mwenyekiti hakumtaja kabisa. "Mimi sina cha kuwapa leo isipokuwa maneno," alisema. "Anayeona maneno hayatoshi, sitamlaumu akienda."

Hapo kelele zikaanza.

"Mimi nimepanda mabasi mawili, Sista! Mawili, na mtoto!"

"Kwetu mbunge hutoa mpaka nauli!"

"Na barabara ametoa?" alijibu mtu mwingine kutoka upande wa pili.

Kijana mmoja mwenye koti la kazi la uwanja wa mpira alisimama juu ya kiti ili aonekane. "Sista, swali!" alisema. "Usipotulisha, hicho choo chako tutakiendea na nini?"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga meza, walishikana mabega. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Sista mwenyewe, ameinama mpaka maikrofoni ikagonga jukwaa. Alipoinuka alikuwa anafuta machozi. "Hilo ndilo swali gumu kuliko yote ya kampeni hii," alisema.

Lakini waliondoka. Walianza wenye watoto, kisha waliokuwa wamesimama ukutani, kisha safu nzima za katikati, wakipita karibu na mlango wa jiko na kuvuta hewa puani kwa makusudi ili Mwenyekiti awasikie. Kijana wa koti la uwanjani aliondoka pia, akipunga mkono. Viti vitupu vikawa vingi kuliko vyenye watu. Yule mwanamke wa chama aliacha kupiga picha. Alinisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini mgombea amesema nini hata akawafukuza watu wake. Nilimweleza. Aliitazama sana sakafu.

Sista alishuka jukwaani. Aliiacha maikrofoni, akavuta kiti chini, akawaambia waliobaki wasogee. Wakasogea, wakakaa nusu duara kama kwenye kikao cha arusi.

Choo si jambo ambalo mtu mzima hulizungumza mbele ya wakwe na mashemeji. Mwishowe mama mmoja wa Kisii, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, alisema huku akitazama mikono yake kwamba yeye hanywi maji kuanzia asubuhi hadi jioni. Anawaogesha wazee, anawapeleka msalani, anawasafisha. Yeye mwenyewe haombi kutumia choo cha watu, anaona haya, na kati ya nyumba moja na nyingine hakuna pa kuingia. Ameshaugua figo kwa sababu hiyo. Hata kwa mumewe alificha, akasema ni ugonjwa wa damu tu.

"Hukumwambia?" Sista aliuliza.

"Ningemwambiaje? Kwamba nimeugua kwa kujibana?"

Baada ya huyo walifuatana. Dereva wa basi, muuza simu, mpishi. Mwanamume mmoja wa Bukavu, ambaye nilimfahamu kwa kuwa husafisha ofisi mjini, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, miye siwezi kupiga kura," alisema. "Karatasi zangu bado. Lakini nimebaki, juu hii habari ni ya kweli. Miye nasafisha vyoo vya watu usiku muzima, vinang'aa. Kiisha wanafunga mulango nyuma yangu, nangojea basi asubuhi, na sina hata kamoja ka kuingia. Unaona? Choo ninazo, ufunguo sina."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nikimtafsiria yule mwanamke wa chama sentensi kwa sentensi, kwa kunong'ona, kama nifanyavyo kando ya vitanda vya wagonjwa. Nilipofika hapo alivua miwani yake. Aliuliza kama anaweza kusema neno. Sista akamruhusu, nikageuka kuwatafsiria wao. Alisema kwamba kwenye kampeni hiyo amehudhuria mikutano mingi, na huu ndio wa kwanza ambao watu wamemweleza mgombea jambo ambalo hawajawahi kuwaeleza wenzi wao.

Walikaa mpaka mwenye ukumbi akaja kutaka funguo.

Jikoni, Mwenyekiti alikuwa bado amesimama na masufuria yake. Yalikuwa hayajapoa. Kulikuwa na msiba Hounslow juma lile. Mzee wa Kitanzania alikuwa amefariki, na watu walikutana nyumbani kwake kila jioni kwa dua huku mwili ukingoja safari ya Tanga. Mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana, kama kupeleka pilau msibani nako ni polisi. Wakala alisema akilipeleka kama lake mwenyewe, bila kumtaja mgombea, hana neno.

"Basi twende wote, Sista," Mwenyekiti alisema. "Tuwapelekee pamoja."

"Mimi siendi leo."

"Wewe? Usiende msibani? Wewe uliyekuwa ukimfunga marehemu kidonda?"

"Nikifika pamoja na masufuria, nitakuwa nimeyapeleka mimi. Nitaenda keshokutwa, mikono mitupu."

Mwenyekiti aliita akina mama, wakabeba masufuria nje kwenye magari, na hakumuaga.

Jioni ile ilimgharimu kuliko viti vitupu. Watu walijazana msibani Hounslow, pilau likaliwa na kusifiwa, na kila mtu akaona nani hayupo. Wale walioondoka ukumbini na njaa walikuwa na la kueleza. Kufika usiku makundi ya simu yalikuwa yameshamhukumu: bahili, ana maringo, ameona siasa akasahau watu. Mwenyekiti, ambaye angeweza kuyazima yote kwa sentensi moja, alikaa kimya. Nilipomuuliza Sista kwa nini hajielezi, aliniambia, "Nikieleza pilau lilitoka wapi, nitakuwa nimelitumia kuombea kura."

Jumatatu nilikwenda naye. Alifika mikono mitupu kama alivyosema. Aliwapa pole wafiwa, akaingia jikoni, akavua saa yake na kuosha vyombo mpaka vikaisha. Wanawake wengine walimkaushia vyombo bila kumsemesha. Sijui kama nilimheshimu zaidi ukumbini au pale kwenye sinki, mikono yake imejaa povu, akizungumza peke yake habari za mvua.

Vipeperushi vya Kiswahili vilichapishwa, vichache. Mwanamke wa chama alikuwa ameandika kwa ofisi yake ukweli wote, kwamba ukumbi ulijaa, kwamba ulipungua zaidi ya nusu, na sababu. Ofisi haikutupa watu wa kuvigawa. Tuligawa wenyewe, mimi na Sista na mama wa Kisii, tukieleza mlango hadi mlango kwamba pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inakubalika kituoni kama kitambulisho. Yule bwana wa Bukavu alikuja nasi jioni mbili. Alisema kama hana kura anayo angalau miguu.

Siku ya uchaguzi nilisimama nje ya kituo kimoja cha kupigia kura Wembley. Asubuhi walikuja wachache. Jioni, zamu zilipobadilika, nilianza kuona nyuso. Walikuja wenye yunifomu za hospitali, wenye fulana za maduka, wawili watatu wakiwa na pasipoti zao mkononi kama wanaokwenda safari. Kijana wa koti la uwanjani alikuja, akanikonyeza, akaingia. Karibu na kufunga alikuja Mwenyekiti, ametoka kazini, pamoja na mkewe, ambaye bado anatembea akijivuta kidogo. Alipotoka nilimsalimu. "Shikamoo, mzee. Umepiga?"

"Marahaba. Kura ni siri," alisema. Mkewe nyuma yake akaniinulia kidole gumba.

Chama hakikufika asilimia tano. Hakikukaribia hata. Sista alipata habari akiwa kazini, kati ya nyumba mbili, akaniandikia kwamba amesikia na kwamba anaenda kubadilisha bandeji. Lakini matokeo ya kata yalipotangazwa wakala wa Stanmore alikaa nayo siku nzima, kisha akatupigia simu. Katika kata chache za Wembley na Hounslow chama chetu kilikuwa kimepanda kuliko mahali pengine popote mjini. Haikuwa kwa wingi wa kumtisha mtu. Ilikuwa kiasi cha kumfanya mtu aulize pale pana nini.

Na mtu aliuliza. Kabla ya mwezi kwisha, Mwenyekiti alipigiwa simu na ofisi ya mjumbe mmoja aliyeshinda, wa chama kikubwa. Mheshimiwa alitaka kuja kuonana na jumuiya ya Waswahili. Hakuna mjumbe aliyewahi kuomba hivyo. Mwenyekiti alikaa na simu ile kwa saa kadhaa, kisha akampigia Sista, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

"Nimwambie nini?" alimuuliza.

"Mwambie aje."

"Na wewe utakaa meza kuu, pamoja nasi?"

"Mimi nimeshindwa, mzee. Nitakaa na watu."

Mheshimiwa alikuja Jumapili moja, mwanamume mrefu mwenye tabasamu zuri, na msaidizi wake. Nilikaa kando yake kumtafsiria. Ukumbi haukujaa, lakini waliokuja walikuja kwa ajili yake. Alizungumza juu ya utajiri wa tamaduni zetu, na chakula chetu, na alivyowahi kwenda Kenya kutazama wanyama. Watu walimpigia makofi ya adabu. Kisha Mwenyekiti akauliza kama kuna maswali, na bila kungoja mkono wowote akamwonyesha mtu wa safu ya tatu. "Sista," alisema. "Anza wewe."

Sista alisimama, begi la kazi bado liko begani. Alimuuliza kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, na alinitazama ili nimtafsirie vizuri. "Mheshimiwa, karibu sana. Mimi swali langu ni moja. Ukiwa kazini tangu asubuhi hadi jioni, wewe haja yako huendea wapi?"

Nilitafsiri. Mheshimiwa alicheka, akatazama huku na huku, akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akaanza kueleza kwamba bajeti ya usafiri ni suala lenye pande nyingi. Mama wa Kisii akasimama. Mpishi akasimama. Bwana wa Bukavu, asiye na kura, akasimama nyuma kabisa. Nilitafsiri habari za bajeti mpaka zikaisha, na Sista alikuwa bado amesimama, ametulia, anamtazama kama alivyowatazama watu wa mechi pale kwenye ngazi, akingoja Mheshimiwa ajibu swali aliloulizwa.